Projekta na kompyuta, uzi maalumu wa Mtwara na Lindi: adui ni mwanga wa ukumbi, sio mashine

Fundi_Kusini:

Wakuu habari za saa hizi. Msimu wa semina na mikutano mikuu ya AMCOS, vile vyama vya ushirika vya wakulima, unasogea na simu zimeshaanza, "fundi projekta yako lumeni ngapi", "fundi unayo ya 4K". Kazi yangu kukodisha projekta na muziki hapa Mtwara mjini, nafika Masasi, Newala, Lindi, mara mojamoja Ruangwa, sasa nimeona bora nishushe hapa yale nayoyarudia kwenye simu kila leo ili mtu ajisomee mwenyewe hata kama hatakodi kwangu.

Naanza na lile ambalo nagombana nalo na wateja. Projekta haiwezi kurusha weusi. Inarusha mwanga tu, sehemu nyeusi ya picha ni sehemu ambayo mashine imeamua kutorusha kitu, kwahiyo weusi unaouona ukutani ni ukuta wenyewe ulivyo muda huo. Kama ukuta umepigwa na mwanga wa saa sita mchana kupitia madirisha mapana yanayoangalia bahari, basi weusi wako ndo huo ukuta mweupe unaong'aa, na hamna setingi kwenye rimoti wala kwenye kompyuta ya kubadilisha hilo.

Tupige hesabu, sio ngumu. Chukua mashine ya lumeni 3000 za kweli, lumeni ni kipimo cha mwanga wote unaotoka kwenye mashine, picha upana mita 2 na kimo mita 1.25, eneo ni mita za mraba 2.5, gawanya unapata 1200, hiyo inaitwa lux, yani mwanga unaotua ukutani. Ukumbi wenye madirisha wazi ukuta wake unaweza kuwa na lux 600 tayari kabla hujawasha chochote. Sehemu nyeupe ya picha itakuwa 1800, nyeusi 600. Nyeupe inaizidi nyeusi mara tatu tu, ndo ile picha mtu anasema "fundi mbona imefifia". Funga mapazia mazito ukuta ushuke mpaka lux 50, nyeupe inakuwa 1250 nyeusi 50, mara 25. Mashine ileile, balbu ileile. Ukitaka kuipata hiyo mara 25 huku madirisha yako wazi itabidi utafute mashine ya lumeni 36,000, zile za matamasha makubwa ya nje, na kwa bei ya kuikodi hiyo unanunua mapazia ya ukumbi mzima na chenji inabaki.

Ndo maana mtu akinipigia, swali langu la kwanza ni ukumbi gani na saa ngapi. Wengine wanaona nazunguka, wanataka nitaje namba.

Kama mapazia hamna kabisa, punguza picha. Watu hawapendi kusikia hili, kila mtu anataka ijae ukuta mzima. Picha ya upana mita 2 ukiishusha ikawa mita 1.4 eneo linapungua nusu na mwanga unakuwa mara mbili, bure kabisa, umesogeza meza tu. Na chagua ukuta ambao dirisha liko nyuma yake au pembeni, usirushe kwenye ukuta unaotazamana na dirisha.

Umbali sasa. Projekta nyingi za kawaida za mezani zinataka kama mara moja na nusu ya upana wa picha, yani picha ya mita 2 weka mashine mita 3 kutoka ukutani, kuna zile za kurusha karibu zinakaa hata mita 1 lakini hizo uliza kabla hujaenda nayo. Kimo chake iweke usawa wa ukingo wa chini wa picha, kwasababu lenzi zake zimetengenezwa kurusha kupandisha juu. Wengi wanaiinua kwa vitabu mpaka inatazama dari, picha inatoka pana juu nyembamba chini, alafu wanakimbilia kistoni, ile setingi ya kunyoosha umbo la picha. Kistoni ipo ndio, lakini inachofanya ni kuibana picha kidijitali, herufi ndogo zinalegea. Kwanza nyoosha mashine, kistoni iwe ya kumalizia.

Mengine nitajibu kwa maswali maana nikiandika yote hapa hamtasoma. Karibuni.

Baba_Korosho:

Nimekaa mbele kabisa. Ila fundi unajichosha tu, siku hizi TV ya inchi 55 kila duka ipo, unachomeka waya wa HDMI mambo yameisha, mchana kweupe inaonekana, haina balbu ya kuungua. Projekta ni mambo ya zamani.

Fundi_Kusini:

Hapo kwenye mchana kweupe umesema kweli na sikupingi, darasa la watu ishirini thelathini hata mi namwambia mteja chukua TV. Shida ni mtu wa nyuma. Kuna kanuni wanaotumia kupanga kumbi, mtu wa mwisho asikae mbali zaidi ya mara 6 ya kimo cha picha kama kuna maandishi ya kusoma. TV ya inchi 55 kimo chake ni kama sentimita 68, mara 6 unapata mita 4. Zaidi ya hapo mtu anaangalia rangi zinabadilika tu. Picha ya projekta ya inchi 120 kimo ni kama mita moja na nusu, hiyo inakufikisha mita 9. Ukumbi wa mkutano mkuu wenye wanachama mia mbili, wa nyuma yuko mita 15 huko, na TV yako atakuona wewe unayeelekeza kwa fimbo basi.

Baba_Korosho:

Sawa nimekuelewa ila TV mbili, moja mbele moja katikati ya ukumbi?

Fundi_Kusini:

Hiyo ni akili, tumefanya mara nyingi, unaweka kigawanyio cha HDMI. Kama unazo mbili fanya hivyo.

Mwl_Nachi:

Habari zenu wakuu, mimi mwalimu huku Nachingwea. Shule tulipewa projekta ya zamani kidogo, ina ule mlango wa VGA wa bluu tu wa kuchomeka waya wa picha. Sasa ina mambo mawili yananitesa. La kwanza picha yote ina unjano, sehemu nyeupe inakuwa njano kabisa kama manjano ya pilau. La pili nafundisha historia na juzi nilitaka kuwaonyesha vijana yule dinosaria wa Tendaguru, si unajua mifupa ilichimbwa hapahapa kwetu Lindi miaka ya 1909 mpaka 1913 na Wajerumani wakaenda kuisimamisha Berlin, kimo mita 13 na ushee, watoto wengi hawaamini kama ni wa hapa. Nimepata picha nzuri kwenye laptopu inaonekana mifupa mpaka nyufa, nikirusha ukutani hamna kitu, mifupa inaogelea kwenye ukungu. Projekta imekufa au?

Fundi_Kusini:

Mwalimu shikamoo kama ni mkubwa kwangu. Projekta haijafa.

Unjano kwanza. Waya wa VGA unapeleka rangi tatu kila moja na pini yake, pini ya 1 nyekundu, ya 2 kijani, ya 3 bluu. Moja ikikatika au ikipinda unaijua kwa kuangalia sehemu nyeupe: ikiwa njano, bluu imepotea. Ikiwa ya zambarau kwenda pinki, kijani kimepotea. Ikiwa bluu ya maji ya bahari, nyekundu haifiki. Kwahiyo kwako ni pini ya 3, chomoa angalia kama imelala ndani ya kichwa, inyooshe taratibu kwa kibanio chembamba cha nyusi, kama iko sawa basi waya umekatika ndani karibu na kichwa, tafuta mwingine. Na kile kichwa kina skrubu mbili pembeni, zikazwe, watu wanachomeka wanaacha kinaning'inia kila meza ikiguswa picha inabadilika rangi. Kama kubadili waya hakusaidii hapo ndo tuanze kuihisi mashine.

Picha ya dinosaria, rudi pale juu nilipoanzia. Nadhani hiyo picha yako ina giza kwa nyuma, makumbusho wanapenda kupiga hivyo ili mifupa itoke. Kwenye laptopu lile giza ni giza. Ukutani darasa lenye madirisha manne wazi lile giza linakuwa kijivu cha ukuta, mifupa nayo ina rangi ya kijivu, vimelingana. Tafuta picha yenye mandhari nyeupe au angavu, au kipindi hicho ziba madirisha ya upande wa mbele tu, sio lazima darasa zima. Hata yale maboksi makubwa ya karatasi ukiyakata yanaziba vizuri kuliko pazia jepesi.

Na darasani siku zote andika herufi nyeusi juu ya nyeupe. Zile slaidi za bluu iliyokolea na maandishi ya njano ni za ukumbi wenye giza.

Mwl_Nachi:

Marahaba. Nimechungulia kichwa cha waya, kweli pini moja imelala. Laptopu mpya ya shule haina VGA ina HDMI tu, nikinunua kile kiunganishi kidogo cha kugeuza kitafaa?

Fundi_Kusini:

Kinafaa ila vina upande, mwalimu. Kuna cha kutoka HDMI kwenda VGA na kuna cha kutoka VGA kwenda HDMI, kwa macho vinafanana na dukani watakupa chochote, wewe unataka cha kwanza. Na VGA haibebi sauti kabisa, kwahiyo chukua chenye kitundu cha sauti pembeni au toa sauti moja kwa moja kwenye tundu la hedifoni la laptopu kwenda spika.

KaraniAmcos:

Fundi nina kikao cha wanachama huku Tandahimba. Minada saivi inaenda kwa mfumo wa TMX, lile soko la bidhaa Tanzania, na wanachama wanataka waone kwa macho yao bei na makato, sio kusomewa. Nina jedwali la Excel lenye safu kibao. Nikichomeka projekta laptopu inaandika imeona skrini ya pili lakini ukutani inatoka picha ya mandhari tupu ya Windows, faili langu halionekani. Mwenyekiti anasema projekta mbovu turudishe.

Fundi_Kusini:

Msirudishe. Bonyeza kile kitufe cha Windows pamoja na herufi P. Zitatokea njia nne upande wa kulia. Ya kwanza inaonyesha kwenye laptopu tu, ya pili inarudia kitu kilekile kote kuwili, ya tatu inatandaza, yani ukuta unakuwa meza ya ziada kulia kwa laptopu yako, ya nne ukutani tu. Wewe uko kwenye ya tatu ndo maana unaona mandhari tupu, faili limebaki kwako. Ukitaka haraka chagua ya pili.

Lakini karani nisikilize, kwa kikao chako mi ningebaki kwenye ya tatu makusudi. Una orodha ya wanachama na namba za simu na akaunti za benki humo, ukiweka ya pili kila unachofungua kijiji kizima kinasoma. Kwenye ya tatu unafungua vitu vyako huku chini, ukiwa tayari ndo unalisukuma dirisha lile moja ukutani kwa kushika Windows na Shift na mshale wa kulia. Linaruka lenyewe. Kurudisha, mshale wa kushoto. Mausi ikikupotea haijafa, iko ukutani, ivute kushoto.

Jedwali lenyewe, safu kibao hazisomeki na mtu wa mita 15 hata Mungu ashushe projekta. Ficha safu zote acha tatu au nne, kilo, bei, makato, anachopokea. Shika Ctrl zungusha gurudumu la mausi kukuza. Alafu nenda mwenyewe ukakae kiti cha nyuma kabisa, usipoweza kusoma kuza tena.

KaraniAmcos:

Imetokea!! Windows na P. Mwenyekiti kanyamaza. Asante sana kaka. Ila sasa vitu kwenye laptopu vimenenepa, vimekuwa vipana vya ajabu nikiweka ya pili.

Fundi_Kusini:

Kawaida hiyo. Laptopu yako nadhani kioo chake ni nukta 1366 kwa 768, projekta za maofisini nyingi ni 1024 kwa 768, nyingine 1280 kwa 800. Ukirudia kitu kimoja kote kuwili kompyuta inatafuta kipimo ambacho wote wanakiweza, kwahiyo laptopu inashuka na picha inavutwa kujaza kioo. Angalia ukutani, kama kule umbo liko sawa usihangaike na la kwako. Kama kule nako herufi zinatetemeka pembeni nenda kwenye setingi za onyesho chagua kipimo kile ambacho mashine imezaliwa nacho, kipo kwenye menyu ya projekta sehemu ya taarifa.

Mzee_wa_Lukuledi:

Vijana nawasoma. Zamani sinema za gari za serikali zilikuwa zinapita vijijini, wanafunga kitambaa kati ya miti miwili na hakuna aliyewasha mashine kabla kiza hakijaingia. Saa kumi na moja gari lishafika, watoto tunazunguka gari, wale jamaa wanakunywa chai hawana haraka. Leo mnataka kuonyesha saa nane mchana chini ya mkorosho.

Fundi_Kusini:

Shikamoo mzee. Umemaliza, ningekupa wewe ufungue huu uzi. Kivulini tu nje mchana ni lux elfu kumi na zaidi, juani zinafika laki. Projekta yangu na lux 1200 zake pale ni kibatari mchana.

Bint_Mikindani:

Sasa fundi umenigusa. Tuna sendofu huku Mikindani, ni nje, pembeni ya maji, tunataka kurusha picha za bibi harusi toka mdogo na muziki wake. Kamati inasema saa 12 jioni kamili ianze. Shuka jeupe tunalo. Na video nikijaribu nyumbani picha inatoka kwenye projekta lakini sauti inatoka kimvumo humohumo ndani ya projekta, sabufa haisikii kitu.

Fundi_Kusini:

Dada hongereni. Saa 12 waambie kamati hapana. Kwetu huku jua kuna miezi linazama saa 12 na dakika chache na kuna miezi linakaribia saa 1, lakini saa 1 na nusu kiza kinakuwa kimekamilika mwaka mzima. Weka chakula kwanza, picha baada ya chakula. Ukianza saa 12 mama mkwe ataona shuka.

Shuka moja linapitisha mwanga na upepo wa bahari utalifanya tanga la jahazi. Tumia mawili yaliyoshonwa pamoja, chini shona pindo pitisha bomba au mti mrefu uwe uzito, pembeni yafungwe kwenye nguzo sio kushikiliwa na vijana. Mikunjo yote inaonekana kwahiyo yapigwe pasi, najua inachekesha lakini pigeni. Kama kuna ukuta wa nyumba uliopakwa rangi nyeupe isiyong'aa, achana na shuka kabisa.

Wadudu pia. Usiku watafuata mwanga wa lenzi na wataonekana ukutani wakubwa kama popo, ukianzisha taa nyingine kali mbali kidogo nyuma ya watu wengi watahamia huko. Ila hiyo taa isielekezwe kwenye shuka.

Sauti: HDMI inabeba sauti, kwahiyo kompyuta ikiona projekta inahamishia sauti huko bila kukuuliza, na spika za ndani ya projekta ni ndogo mno kwa sherehe. Bonyeza kialama cha spika chini kulia kwenye laptopu, fungua orodha, chagua spika za laptopu badala ya jina la projekta. Kisha waya wa tundu la hedifoni kwenda kwenye miksa ya DJ. Kukitokea muungurumo kwenye spika, ule wa mmmmm usioisha, chomoa chaja ya laptopu utumie betri, mara nyingi unakata palepale, au chomeka laptopu na miksa kwenye ekstensheni moja. Mtu asije akakwambia ukate waya wa athi, hiyo inaua.

Kingine, kabla hujaanza zima WhatsApp ya kwenye kompyuta. Nimeona meseji ya watu ikipita ukutani mbele ya mashemeji, ukumbi mzima ukasoma kabla ya mhusika. Na weka laptopu isilale, kwenye setingi za umeme chagua kamwe, maana slaidi ikikaa bila kuguswa kioo kinazima katikati ya hotuba.

Bint_Mikindani:

Hahaha ya mashemeji hiyo naomba isimulie kwa undani. Asante kaka, pasi nitapiga mwenyewe. Projekta iko mbali na laptopu, DJ yuko kule, waya wa mita 20 upo?

Fundi_Kusini:

Siisimulii, wahusika wako humu.

HDMI ya kawaida mpaka mita 10 huwa nalala usingizi, 15 ni bahati, 20 picha itakuwa inakata inarudi au vimetameta vyeupe. Kuna zile zenye nyuzi za mwanga ndani zinafika mbali sana lakini zina upande, kichwa kimoja kimeandikwa cha chanzo kingine cha skrini, ukigeuza hamna picha. Rahisi zaidi: laptopu ikae karibu na projekta na kinachosafiri kwenda kwa DJ kiwe waya wa sauti.

Baba_Korosho:

Mi nimeona mtandaoni projekta ndogo ya kushika mkononi, boksi limeandikwa lumeni 9000 na 1080p, bei ya kutupa. Nitume hela au?

Fundi_Kusini:

Usitume. Au tuma ukijua unanunua kitu cha chumbani watoto waangalie katuni taa zimezimwa. Hizo namba za boksi wanajiandikia, unachotakiwa kutafuta ni neno ANSI au ISO mbele ya lumeni, na ukilikuta kwa hivyo vidogo mara nyingi ni mia moja au mia mbili. Na "inakubali 1080p" sio sawa na "ni ya 1080p", inapokea hiyo picha kisha inaikamua kwenye kioo cha 800 kwa 480. Maandishi ya Excel hapo kwaheri.

Kwa hela hiyohiyo bora iliyotumika ya kampuni inayoeleweka, ila ikague. Omba iwashwe nusu saa nzima sio dakika mbili. Ingia menyu uone masaa ya balbu, balbu nyingi za aina ya zamani maisha yake ni masaa elfu tatu mpaka elfu sita hivi kulingana na matumizi. Rusha ukurasa mweupe mtupu: vidoti vyeupe au vyeusi visivyohama ni vioo vidogo vilivyokwama, hizo ni za DLP, ile teknolojia aliyoibuni Larry Hornbeck wa Texas Instruments mwaka 1987, chipu yenye vioo laki kadhaa kila kimoja kinageuka peke yake. Kama ni ya aina ya LCD angalia madoa ya njano au bluu yaliyotanda, hapo ndani kumeshaungua na matengenezo yake yatakutoa machozi.

Vumbi nalo. Ya LCD ina chujio pembeni, lichomoe pangusa kwa brashi laini, vumbi jekundu la Newala na Masasi linaziba haraka na mashine ikishindwa kupumua taa nyekundu ya joto inawaka inajizima. Sisi wa pwani tuna chumvi ya bahari, vichwa vya nyaya vinapata kutu, usiache mashine stoo mwaka mzima bila kuwasha.

Liwale_Yetu:

Swali la mwisho mkuu, umeme ukikatika ghafla ina madhara? Maana sehemu nyingine tunatumia sola na inveta.

Fundi_Kusini:

Yenye balbu ndio. Balbu ikiwa inawaka ina joto kali sana na feni ndo inaiokoa, umeme ukikata feni inasimama balbu inabaki inajichoma. Zile za leza na LED hazina tatizo hilo kwa kiasi kikubwa. Dawa ni UPS, lile boksi la betri linaloshika umeme ukikatika, ndogo ya 650VA kwa projekta peke yake, haikusudiwi kumaliza kikao, inakupa dakika chache uzime kwa kitufe feni izunguke mpaka isimame yenyewe. Na umeme ukirudi haraka balbu ya moto haitaki kuwaka, usibonyezebonyeze, iache ipoe dakika tano kwanza. Ikitokea imepasuka kwa mlio toeni watu fungueni madirisha, ndani ina zebaki.

Sola, piga hesabu kabla hujaahidi watu. Projekta ya balbu inakula kama wati 280, laptopu 50, jumla 330. Betri ya risasi ya 12V na 100Ah ni wati-saa 1200, usiitumie zaidi ya nusu kama unaipenda, ondoa na zinazopotelea kwenye inveta umebaki na kama 500. Hiyo ni saa moja na nusu ya kikao. Weka mashine kwenye eko, ile setingi ya kupunguza mwanga wa balbu, upate kidogo zaidi, na inveta iwe ile ya wimbi safi. Wakati wa maswali bonyeza B kwenye PowerPoint ukuta unakuwa mweusi watu wanaangalia msemaji, lakini hapo betri hujaokoa kitu, balbu inawaka vilevile. Kama maswali ni marefu zima kabisa.

Liwale_Yetu:

Nimeelewa. Betri ninazo mbili kwahiyo saa tatu.

Fundi_Kusini:

Kama ni nzima zote. Zipime na mzigo siku moja kabla.